Riviu ya I-69 Indiana kwa macho ya dereva wa lori: zamani SR 37 ya mataa, sasa mguu umepumzika

Watu wanaandika riviu za simu, za hoteli, za sabufa, mimi leo naandika riviu ya barabara na msinishangae, hii barabara ndo ofisi yangu. Naendesha lori lenye trela la futi 53 hapa Marekani na kwa miaka kadhaa sasa njia yangu ya karibu kila wiki ni Evansville kwenda Indianapolis na kurudi, saa nyingine nateremka mpaka Kentucky. Kwahiyo hii njia nimeijua ikiwa mzima nusu, nikaiona ikilazwa wodini, ikapasuliwa, na sasa imetoka. Nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitawaambia imeangukia wapi, na wenzangu wa malori nadhani mshajua.

Kwa ambao hawajapita: I-69 ni interstate, yani zile barabara kuu za Marekani zinazounganisha majimbo na hazina mataa, na kutoka Evansville kule kona ya kusini magharibi ya Indiana mpaka Indianapolis ni kama maili 142. Zamani hii haikuwepo kabisa. Tulikuwa tunapanda na US 41 mpaka Terre Haute alafu tunakamata I-70 kurudi mashariki, yani unazunguka pembe mbili za mstatili wakati mwenzako angekata katikati. Ikajengwa kwa vipande. Evansville mpaka Crane ikafunguliwa Novemba 2012, Crane mpaka Bloomington Desemba 2015, na hizo sehemu zilijengwa upya kabisa mashambani na msituni, pale palikuwa hamna barabara. Lakini kuanzia Bloomington kupanda juu ndo kwenye stori yangu, coz pale hawakujenga barabara mpya, walichukua barabara ya jimbo iliyokuwepo, SR 37, wakaibadilisha ikiwa inatumika vilevile, magari yanapita huku wanachimba.

Sasa mtu atauliza, SR 37 si ilikuwa tayari leni nne, mbili kwenda mbili kurudi, na majani katikati? Ndio. Ukiiangalia kwenye picha ya juu ungesema hii ni interstate tayari, bandikeni kibao tuendelee na maisha. Hata mimi nilifikiria hivyo mwanzoni, nikaona hawa watu wanachezea hela. Kipande cha mwisho peke yake, Martinsville mpaka I-465, maili 26 tu, kimekula karibu dola bilioni 2. Bilioni mbili kwa barabara ambayo ipo!

Nilikuja kuelewa kwa mguu. Mimi barabara siipimi kwa lami, naipima kwa mara ngapi mguu wa kulia umeenda kwenye breki. Ukiwa na mzigo kamili wa paundi 80,000, hiyo ni kama tani 36, kusimama sio jambo la kukanyaga tu. Kwenye maili 65 kwa saa unahitaji zaidi ya futi 500 mpaka lisimame, na hapo barabara kavu, breki nzima na dereva hajasinzia. Na kusimama ndo nusu ya adhabu, nusu nyingine ni kuondoka, gia kumi unazipanda moja moja kama ngazi za mnara huku nyuma yako kuna mtu na gari ndogo anapiga honi kama vile wewe unapenda. Sasa SR 37 ilikuwa hivi: unatoka Bloomington vizuri, unashika kasi, mara taa. Unaondoka, unashika kasi, mara taa tena Martinsville, na pale zilikuwa zimefuatana. Unamaliza unasema sasa naenda, unakutana na Smith Valley Road, unakutana na County Line Road, Southport Road jioni ndo usiseme, foleni inaanzia mbali unaona taa za breki nyekundu kama mnada wa nyanya. Na katikati ya hizo taa kulikuwa na vile vinjia vya kukatiza, mtu anatoka shambani na pikapu anavuka leni mbili anasimama kwenye majani ya katikati, nusu ya gari imebaki kwako, anasubiri upande wa pili upungue. Nilishawahi kumkosa mmoja kwa kitu kidogo sana, asubuhi yenye ukungu, na sikulaumu mtu, yeye alikuwa anaenda zake dukani na barabara ilimruhusu.

Hapo ndo nikaelewa walichonunua. Walichonunua ni kuondoa vitu. Watu wengi wanadhani kuipandisha haiwei daraja kuwa interstate ni kuongeza leni, na karibu na jiji wameongeza ndio, ila kazi yenyewe kubwa ni kutoa: toa taa zote, toa kona zote za kushoto zinazokata leni za wanaokuja, toa kila geti la shamba na kila mlango wa duka unaofungukia barabarani, toa kila njia inayokatiza kwa usawa mmoja. Hiyo ndo sheria ya kwanza ya interstate, hakuna mtu anaingia au kutoka isipokuwa kwenye rampu, ile njia ya pembeni ya kupandia na kushukia, basi. Na kutoa ni ghali kuliko kuweka, maana kila njia unayoifunga kuna watu walikuwa wanaitumia, kwahiyo lazima umjengee daraja la juu, au sevisi rodi ya pembeni, au umnunue kabisa ahame. Hapo ndo bilioni zinapoyeyukia.

Vingine ni vipimo, na navyo vipo kwenye kitabu cha viwango vya shirika lao la maafisa wa barabara, AASHTO, na serikali kuu kupitia idara yake ya barabara kuu, FHWA, ndo inaidhinisha. Leni moja upana futi 12. Bega, yani ule ukingo wa nje ya leni, la kulia futi 10 za lami, la kushoto futi 4. Daraja linalopita juu yako vijijini liwe na kimo cha futi 16. Trela langu lina futi 13 na inchi 6, kwahiyo kwenye interstate ya kijijini mimi napita chini ya daraja naimba, siangalii juu. Kwenye barabara za zamani za jimbo kuna madaraja ukiona kibao cha kimo unapunguza mwenyewe na kuinama kichwa, kana kwamba kuinama kutasaidia trela. Bega nalo sio urembo jamani. Tairi ikipasuka kwenye njia yenye bega la futi mbili unabadilisha huku magari yanakupangusa mgongo. Kwenye futi 10 unapumua.

Haya, tuje kwenye ujenzi wenyewe, maana riviu bila kusema jinsi nilivyoteseka sio riviu.

Kipande cha Bloomington mpaka karibu na Martinsville, maili kama 21, kilianza 2014 kikapewa watu binafsi kwa mkataba wa ubia na jimbo, ilitakiwa kiishe 2016. Hakikuisha. Wakandarasi wadogo wakawa hawalipwi, mashine zimelala, mapipa ya rangi ya chungwa ya kuzuia njia yamepangwa maili na maili na hakuna hata mtu mmoja mwenye koleo. 2017 jimbo likaamua kukichukua lenyewe, 2018 ndo kikakamilika. Mimi miaka ile nilikuwa bado mgeni kwenye kazi na nakumbuka leni zimebanwa na vizuizi vya zege huku na huku, kioo cha pembeni kinakaribia kubusu zege, mvua inanyesha, nasema leo ndo leo. Kwa kipindi kile ningetoa nyota moja na hiyo moja ni ya madereva wenzangu kwa uvumilivu. Wakazi wa Bloomington wenyewe walikuwa wameipinga hii njia miaka na miaka, ukiongea nao mpaka leo wapo ambao hawataki hata kulitamka jina lake.

Martinsville wao walitumia mbinu nyingine. Badala ya kufanya kidogo kidogo, mwaka 2021 wakaifunga kabisa SR 37 pale mjini karibu mwaka mzima, Januari mpaka Desemba, sisi tukawa tunazungushwa na njia za pembeni kama SR 39 na SR 67. Tulilalamika sana. Dispacha wangu, yule anayenipangia safari, kila wiki ananiuliza mbona umechelewa, namwambia Martinsville, anauliza tena wiki ijayo, namwambia Martinsville, mpaka ikawa kama salamu yetu. Lakini nikipima sasa hivi kwa haki, ile ya kufunga ilikuwa na akili kuliko ile ya kubana leni miaka minne. Uma mkate mara moja. Desemba ikafunguliwa kweli kama walivyosema na taa zimeondoka, mahali pa taa pana madaraja.

Kilichobaki ni kule juu kuingia Indianapolis na kuunga na I-465, ile ringi ya jiji. Hiyo iliunganishwa Agosti 2024, gavana akaja wakakata utepe. Mimi nilipita siku chache baadae, usiku, na mzigo wa karatasi za chooni ambao ni mwepesi kwahiyo sio kipimo kizuri sana, lakini nilifanya jaribio langu. Niliweka kruzi, ile inayoshikilia mwendo bila mguu, kwenye 65 pale Bloomington (Indiana malori yetu ni 65 kwenye interstate za kijijini, gari ndogo 70, hili nalo lina watu wake wa kulilalamikia) nikasema nione mguu utashuka lini. Nimepita Martinsville, mguu juu. Nimepita pale SR 144, mguu juu. Smith Valley Road, nimepita kwenye daraja nikaona kwa chini taa za watu wanaoenda nyumbani kwao, mguu juu. Nilianza kuusogeza karibu na jiji ambako spidi yenyewe inashuka, na hapo ni sheria, sio taa. Nilijikuta nacheka peke yangu kwenye kabini. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye taa ya Southport Road saa kumi na moja jioni ataniona chizi.

Kuna kitu kimoja kidogo nilikipenda sana na sijawahi kuona mtu anakitaja. Upande wa kaskazini mwa Indianapolis I-69 ilikuwepo tangu zamani, inaenda mpaka Port Huron Michigan mpakani na Kanada, na namba za eksiti kule zilikuwa zinaanzia hapo Indianapolis, tatu, tano, hivyo. Sasa mwaka 2012, wakati huku kusini bado ni mashamba na SR 37 ina mataa yake yote, wakaenda wakaongeza mia mbili kwenye kila eksiti ya kaskazini. Ya tatu ikawa 203. Watu walishangaa, maili mia mbili zimetoka wapi? Zilikuwa zimehesabiwa kutoka Evansville, kwenye barabara ambayo haipo. Miaka kumi na mbili kibao kimesimama kinakusubiria barabara. Imani hiyo wengine hatuna hata kwenye ndoa.

Na hili la vibao ndo limenifanya nianze kuangalia njia nyingine ambazo zipo kwenye foleni ya kupandishwa. Utaona kibao kimeandikwa FUTURE kwa juu na namba ya interstate, maana yake hapa ni interstate mtarajiwa, bado mchumba. Kwa sheria ya shirikisho jimbo linakubaliana na serikali kuu kwamba litaifikisha kwenye viwango ndani ya miaka 25, isipofika mahari inarudishwa. Zamani ilikuwa miaka 12. US 78 kati ya upande wa Memphis na Birmingham ilivaa hicho kibao miaka kibao mpaka ikawa I-22 mwaka 2012, na hata hapo ilikuwa haijaungana na I-65, ikaja kuungana 2016. US 93 kule Arizona kuelekea Las Vegas ina vibao vya I-11 ya baadae, nilipita mara moja, jamani kuna sehemu bado ni leni mbili tu mnaangaliana uso kwa uso na RV, zile gari-nyumba za matembezi. Ukifika Wikieup unapita katikati ya kijiji kabisa. Pale uchumba utakuwa mrefu.

Ila iliyonifurahisha kuliko zote ni I-555 ya Arkansas, inayotoka Jonesboro kushuka upande wa Memphis. Ilikuwa US 63, imejengwa vizuri, viwango karibu vyote vipo, lakini ikabaki na kibao cha "mtarajiwa" miaka mingi. Sababu? Matrekta. Kuna sehemu njia inavuka bonde la mafuriko la mto St. Francis na hakuna daraja lingine la wakulima kuvukia karibu, na kwenye interstate trekta haliruhusiwi. Ukiweka kibao cha interstate unamfungia mkulima shamba lake. Mpaka Bunge la Marekani likapitisha kipengele maalum mwisho wa 2015 kuruhusu matrekta kipande kile, ndo Machi 2016 ikaitwa interstate. Bunge zima limekaa kujadili trekta la mtu, na mimi naona walifanya la maana.

Nimelitaja hilo kwasababu linarudi kwenye hii I-69 yangu. Kile walichokitoa barabarani kilikuwa cha mtu. Kuna kituo kimoja cha mafuta nilikuwa nasimama kila safari enzi za SR 37, kahawa yake mbaya lakini mama wa kaunta alikuwa ananijua, ananiuliza watoto hawajambo. Ilikuwa unatoka barabarani moja kwa moja unaingia, unanunua, unarudi. Sasa ili kufika pale inabidi uchukue eksiti, uzunguke kwenye kipilefti, urudi nyuma na sevisi rodi, na nikimaliza nirudie hivyohivyo. Kwa gari dogo dakika sita, kwa trela usiombe. Nimeenda mara mbili tangu wafunge, nasema kweli, mara mbili. Mzee mmoja wa Martinsville niliyekuwa namkuta pale aliniambia zamani alikuwa anavuka kwenda ng'ambo ya pili kwa mdogo wake dakika moja, sasa anazunguka mpaka daraja la Grand Valley Boulevard. Nikamuuliza kwahiyo mzee ungependa mataa yarudi? Akafikiria. Akasema hapana, alishazika watu wawili wa pale kwenye makutano. Lakini akaongeza, "hata hivyo ni mbali kijana." Nyumba zilizokuwa kwenye njia hazikupigwa X nyekundu kama tulivyozoea kwetu, walifanyiwa tathmini wakalipwa, lakini kuhama ni kuhama.

Haya na huku kusini, Bloomington kushuka Evansville. Hii ni nzuri kuliko zote kwa macho. Milima midogo, miamba imekatwa huku na huku, ardhi ya pale chini ina mapango na mashimo ya maji mpaka walipata kazi kujenga. Ukifika Daviess County ambako kuna Waamishi wengi, wale Wakristo wasioendesha magari, angalia madaraja ya juu, utaona farasi anavuta kigari cheusi anapita juu ya kichwa chako taratibu, na wewe chini uko 65. Ile picha naipenda sana. Kigari cha farasi nacho kwenye interstate marufuku, kwahiyo daraja ndo la kwake.

Onyo moja la huku: saa. Evansville inatumia saa za Kati, Bloomington na Indianapolis saa za Mashariki ambazo zipo saa moja mbele, na mstari unauvuka ukiwa unatembea tu, hakuna mlango. Mara ya kwanza nilikuwa na apointimenti ya saa nne asubuhi Indianapolis, nikaondoka Evansville natulia, nina muda, nimekunywa na chai. Kufika getini mlinzi ananiambia saa tano hii. Mzigo ukarudishwa foleni mpaka saa tisa. Kosa langu kabisa, wala sina wa kumsukumia, ila ndugu zangu andikeni mkononi.

Na huduma. Hapa naikata pointi kwa moyo mmoja. Vituo vya malori kwenye hicho kipande cha kusini vimekaa mbali mbali, ukikosea mahesabu na mashine inayohesabu masaa yako ya kuendesha inakuambia zimebaki dakika 40 utaanza kutokwa jasho. Barabara imetengenezwa tusisimame, sawa, lakini sheria hiyohiyo ya Marekani inasema dereva baada ya masaa 8 ya kuendesha apumzike dakika 30, na kwa siku mwisho masaa 11. Sasa nikapumzikie wapi, kwenye rampu? Na ndo wanapopumzikia kweli, pita usiku uone malori yamejipanga kwenye rampu kama mbuzi kwenye kivuli. Ukiwa na trela jaza mafuta na utafute nafasi mapema kabla saa mbili usiku, baada ya hapo ni bahati.

Ila nyota ya tano yenyewe haikuangukia hapo. Imeangukia Evansville, mtoni.

Unateremka maili zote 142, safi, mguu juu, unajisifu, alafu barabara inaishia. Interstate inafika Evansville na mto Ohio upo mbele na daraja la I-69 halipo. Unatolewa pembeni unaenda kukamata US 41 uvuke na yale madaraja mawili ya chuma pacha kwenda Henderson, Kentucky, moja lilifunguliwa 1932, lingine la miaka ya 60. La 1932 jamani! Lori la leo lina tani 36 kwenye daraja la babu. Leni nyembamba, bega hamna, ajali ndogo tu pale juu na miji mizima miwili inasimama. Na ukishavuka unasema afadhali, unakutana na mtaa wa US 41 wa Henderson, mataa yamepangwa, maduka ya baga kulia na kushoto, kila mtu anakata kona. Ni SR 37 imefufuka. Nilijisikia kama mtu aliyetolewa jino bovu alafu anaambiwa kuna lingine nyuma yake. (Kichekesho cha pale: kabla hujafika mtoni ukiwa bado upande wa Indiana unapita uwanja wa farasi wa Ellis Park, na ule uwanja upo Kentucky kisheria, mto ulihama zamani na mpaka ukabaki ulipokuwa.)

Mpango upo. Daraja jipya la I-69 litakaa mashariki ya hayo ya zamani, leni nne, na litakuwa la tozo. La 1932 litabakizwa kwa watu wa pale pale na halitakuwa na tozo, lile lingine litaondolewa. Hapo nina maswali yangu. Madereva wenye kampuni watalipiwa, hawa wa kujitegemea watapiga hesabu za tozo alafu watarudi kwenye mataa ya Henderson hukohuko kukwepa dola chache, mimi nawajua, mimi ni mmoja wao.

Chini ya Henderson Kentucky wao wamefanya kwa njia yao, na kwa upande wa ubahili nawapa hongera. Walikuwa tayari na zile pakiwei zao, Pennyrile, Western Kentucky na Purchase, barabara zilizojengwa enzi hizo kama za tozo, tayari hazina mataa. Kwahiyo badala ya kujenga upya wakazivalisha namba ya I-69 wakirekebisha. Cha kurekebisha kikubwa ni zile eksiti za zamani, zilikuwa zimejikunja kama pilipili kichaa kwasababu magari yote yanayotoka yalikusanywa yapite kwenye kibanda kimoja cha tozo. Tozo zilifutwa zamani, vibanda vikavunjwa, lakini ile mikunjo ikabaki. Unatoka kwenye spidi unaingia kwenye kitanzi kikali trela linakulalia, unashikilia usukani na dua. Nyingi wamezinyoosha. Kati ya Eddyville na ule upande wa Calvert City inapanda mgongo wa I-24, hapo hamna cha kusema.

Jamaa yangu mmoja Mkongo anayekaa Bowling Green, naye dereva, tulikuwa tunabishana kwenye simu juu ya hii njia. Yeye bado anapitia US 41 mpaka Terre Haute. Nikamwambia kaka unapoteza muda. Akanijibu, "Weye unasema njia mupya, lakini kule Henderson unasimama sawa na mimi, sasa umeshinda nini?" Nikamwambia nimeshinda maili 142. Akasema "na mataa ya Henderson?" Nikakata simu, sina jibu, na pia nilikuwa nimefika taa ya pili na ilikuwa nyekundu.

Kwahiyo nne. Kwa gari dogo la familia linaloenda Indianapolis kutoka Bloomington wala usifikirie, ni tano kabisa, nenda. Kwa trela linaloenda mpaka Kentucky, nne, na siku ya Ijumaa jioni pale darajani tatu. Lile daraja jipya likifunguliwa nitapita na mzigo kamili, sio karatasi za chooni, alafu nitakuja kurekebisha hapa.